Fundi wa Mayowe na Vicheko

Ukitaka kujua kama filamu ya kutisha imetengenezwa vizuri, itazame kwenye kibanda cha video kule Kondele, Kisumu, si peke yako kwenye simu. Ufundi ukiwepo, kibanda kizima kitapiga mayowe, kisha kitaangua kicheko, na aliyepiga mayowe kuliko wote atataniwa hadi nje. Ufundi ukikosekana, watu huanza kuulizana habari za timu ya Gor Mahia.

Kutisha na kuchekesha ni kazi ya fundi mmoja: kujua amnyime mtazamaji nini, na kwa muda gani. Huku ziwani tulilijua hilo kabla ya filamu. Jajuok, mkimbiaji wa usiku, hurusha vijiwe juu ya mabati, hujisugua mlangoni, na nyumba nzima hubana pumzi. Asubuhi kisa hicho hicho husimuliwa kisimani, msimulizi akiziigiza mbio zenyewe, wasikilizaji wakishika mbavu. Hakuna kilichobadilika ila jua limechomoza.

Kwa hiyo sikustaajabu mwigizaji Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni Kisumu, alipozimudu pande zote mbili katika mwaka mmoja, 2019. Katika filamu ya Little Monsters ya Abe Forsythe ni mwalimu wa chekechea aliyezingirwa na wafu wanaotembea. Anawaambia watoto ni mchezo tu, na damu iliyotapakaa kwenye gauni lake la njano anaiita jemu. Tunacheka kwa sababu yeye hacheki. Katika Us ya Jordan Peele ni mwanamke na pia kivuli chake, chenye sauti iliyokabwa ambayo Lupita aliijenga kutokana na ugonjwa halisi unaoathiri sauti.

Peele alitokea kwenye vichekesho vya televisheni kabla ya filamu yake Get Out (2017), na inaonekana. Itazame ile boti katika Us. Baba anaringa nayo ziwani, injini korofi, boti inavuta kushoto, familia inamwonea aibu. (Hapa ufuoni Dunga wanaume wa aina hiyo tunawajua kwa majina.) Usiku unapoingia, baba yumo ndani ya boti hiyo hiyo na adui anayefanana naye, na injini tuliyoicheka ndiyo tunayoiomba iwake. Kumbe mzaha ulikuwa mtego.

Nisichokivumilia ni muziki unaotangaza kitisho kabla hakijafika, na mchekeshaji anayecheka kabla yetu. Wote wawili hawatuamini.

Natamani mtu atengeneze filamu ya Simbi Nyaima, kijiji kinachosimuliwa kuwa kilizama karibu na Kendu Bay baada ya kumfukuza bibi kizee. Ningekuwa yeye, nusu saa ya kwanza ningeiachia karamu ya pombe kijijini: mlevi anayebishana na mbuzi, wazee wanaogombania mirija. Bibi apite mlangoni kama mzaha mwingine tu. Na mvua ikianza, isipigiwe muziki wowote.