Terminali nzuri ni ile inayosomeka

Wenzangu wahitimu, siku hizi tunatumiana picha za terminali sawa vile watu wanatumiana picha za nguo za sikukuu. Nyuma kuko nyeusi, mbele herufi za kijani kama katika filamu The Matrix ya mwaka 1999, na fasi ya kuandikia amri imejaa mishale na alama ndogondogo. Chini yake watu wanaandika: "Ni kali sana!" Hakuna anayeuliza: unasoma nini pale? Hilo njo swali langu leo.

Mimi sikusoma informatiki, nilisoma agronomia. Nilifika kwenye ekra ya maandishi tu juu mashini yangu ni ya okazyo, memwari yake ni giga 2, na ukifungua madirisha mengi inalala. Nikaweka Debian bila madirisha: nano ya kuandika, R ya hesabu. Basi.

Siku moja hapa Kanyaruchinya tulikuwa tunachambua mavuno ya maharagi ya mwenzetu. Aina za mbolea zilikuwa ine, T1 mpaka T4. R ikahesabu tano. Degre za uhuru zilipaswa kuwa 3, zikatoka 4. Tulitafuta saa mbili. Kumbe kwenye mstari mmoja mtu aliandika herufi l fasi ya namba 1. Kwa herufi ndogo za ekra ile, Tl na T1 walikuwa mapacha. Kama tungekuwa na haraka, kosa lile lingeingia ndani ya kazi yake ya mwisho wa masomo, na angelitetea mbele ya jury.

Wa kwanza ninaowakosoa ni wale wanaosema: usiguse kitu, acha konsoli vile iko. Vile iko ni kwa uamuzi wa nani? Zile rangi 16 za konsoli ya Linux, asili yake ni kadi ya CGA ya IBM ya mwaka 1981. Zilipangwa kwa ekra nzito za wakati ule, si kwa laptopu iliyochoka. Kuna kanuni ya kimataifa ya kurasa za intaneti, WCAG, inayoomba mwangaza wa maandishi na wa nyuma yake utofautiane angalau mara 4.5. Nilipiga hesabu: bluu nzito ya konsoli juu ya nyeusi inapata 1.6 tu. Ni sawa kuandika na makala juu ya jiwe la lava.

Wa pili ni wale wanaochukua kila mtindo wenye jina. Solarized ya Ethan Schoonover, ya mwaka 2011, ni kazi ya akili: rangi 16 zilizopimwa, nane za nyuma na maandishi, nane za kutofautisha, na zinafaa kwenye giza na kwenye mwanga. Ninaiheshimu. Lakini katika sura yake ya giza, maandishi ya kawaida yanapata 4.7, yamepita, yale maelezo yanayoanza na alama # yanapata 2.8, yameanguka. Alipunguza ukali kwa makusudi, ili macho yasichoke. Kwa mtu wa ofisi yenye mwanga mzuri, sawa. Kwa sisi tunaosoma karibu na mlango saa sita ya mchana, ao usiku tumepunguza mwanga ili batri ifike asubuhi, ni hasara. Na ndani ya maelezo yale njo mwenzako aliandika: usifute mstari huu.

Sisi wa agronomia tungepaswa kuelewa hii wa kwanza. Majani ya chini ya mahindi yakigeuka manjano, tunawaza azoti. Yakiwa zambarau, tunawaza fosfori. Rangi inasema kitu. Kama kila jani lingekuwa na rangi saba juu ya uzuri tu, tungejuaje mmea mgonjwa? Terminali ni vilevile: nyekundu iwe ya kosa, manjano iwe ya onyo, zingine zikae kimya. Na neno "kosa" liandikwe pia, juu kuna watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani.

Kwa sura ya herufi, mimi ninatumia Terminus ya Dimitar Zhekov. Sifuri yake iko na alama ndani, na 1 haichanganyikani na l. Kwenye Debian, ukiwa na haki za root, andika dpkg-reconfigure console-setup, kisha chagua herufi na ukubwa. Bei yake iko: kwenye ekra ya 1366 kwa 768, herufi za 8 kwa 16 zinakupa mistari 48, za 16 kwa 32 zinakupa 24 tu. Nimechukua 12 kwa 24, mistari 32. Ninaona kipande kidogo cha jedwali, lakini ninakiona kweli.

Mtaniambia: acha vijana wafurahi, pambo haliui mtu. Ni kweli. Mimi pia niliwahi kupoteza usiku mzima nikibadilisha rangi, na usiku ule nilijifunza amri mingi kuliko wiki nzima ya kusoma. Kupamba kunafundisha. Ubaya ni kusimama pale na kuita ile kazi.

Basi, kabla ya kutuma picha ya terminali yako, fanya hivi: andika O0 na l1 kwenye mstari mmoja, punguza mwanga, rudi hatua mbili nyuma, umwite mwenzako asome. Akisoma bila kukosea, tuma picha. Mimi mwenyewe nitaandika chini: "Ni kali sana!"