Mtutu si paipu, wala silaha si spea

Juzi, katika matatu ya kutoka Thika kwenda Ruiru, mzee mmoja alikuwa akilalamika kwamba raifali yake ndogo ya .22 haipigi tena pale anapolenga. Kijana aliyeketi naye akamtuliza: "Guka, hiyo shida ni paipu tu. Tukipata spea tunaifunga hapo nyumbani jioni moja."

Leo nataka kuyapima maneno mawili ya kijana huyo: paipu na spea.

Kiswahili hakijakosa jina la sehemu hiyo. Ni mtutu, wingi wake mitutu, katika ngeli ya U-I. Lipo pia neno kasiba, na wazee husema mwanzi wa bunduki. Wengine huiita mdomo, ila mdomo ni ile ncha ya mbele tu inakotokea risasi.

Mtu atanipinga. Kasiba, atasema, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya tete, na mwanzi nao ni mmea wenye uwazi ndani. Ikiwa wahenga waliazima jina la mmea, kosa la paipu liko wapi? Hoja hiyo ina uzito, kwa maana sitiari ni ile ile. Tofauti ni kwamba kasiba imeshaachana na mmea. Ukiitamka, msikilizaji huwaza bunduki. Paipu bado ni ya maji. Humdanganya fundi kwamba akifunga vibaya, kitakachovuja ni maji.

Katika raifali ya .22 kinachovuja ni moto. Risasi yake huwashwa kwa kugongwa ukingoni mwa kitako cha ganda. Mtutu usipokaa sawasawa, ukingo huo unaweza kupasuka na gesi ikamrukia mpigaji usoni. Baadhi ya raifali hizo mtutu hushikwa na skrubu mbili tu, na wepesi huo ndio unaowaponza watu.

Spea ni neno baya zaidi. Spea ni kitu unachonunua Kirinyaga Road bila kuulizwa swali. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiuoni mtutu hivyo: hata ukiwa peke yake huhesabiwa kuwa silaha, na anayefanya biashara ya kukarabati bunduki sharti awe amesajiliwa. Ajabu ni kwamba lugha ililiona jambo hilo pia. Tunaposema fulani anatawala kwa mtutu wa bunduki, tunataja sehemu tukimaanisha silaha nzima na nguvu zake.

Sikuingilia mazungumzo yale, nao wakashuka Ruiru. Hadi leo najuta. Laiti ningesema tu, "Kijana, si paipu, ni mtutu," huenda swali lililofuata lingekuwa la kibali, si la bisibisi.