Seremala wa Nchi Kavu

Atakayesema Ipuli, hapa Tabora, si mahali pa kuzungumzia boti, nitamwelewa. Kutoka Tabora hadi Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, ni kama kilomita 400 za reli, na katikati ni miombo tu. Lakini boti, ukiacha ganda lake linalogusa maji, ni nyumba. Ina kuta, dari, makabati na vitanda, na vyote hivyo ni kazi ya seremala. Mbao nzuri za kazi hiyo huota huku bara kwetu.

Tena reli hii imezoea mizigo ya majini. Meli ya Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha na kupitishwa Tabora kwenda kuungwa upya Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Waliopaka grisi ile walimfikiria mtu atakayefungua baada yao, hata kama siye waliyemtarajia. Ufundi wa namna hiyo ndio ninaousifu hapa, katika kazi ndogo zaidi: kuchagua mbao za kubadilishia kuta za ndani za boti ya kutembeza watalii.

Fundi mchanga huanza na rangi. Aliyekomaa huomba aonyeshwe paneli iliyotolewa, akaigeuza mgongo. Kama imeoza chini tu, maji yalikuwa yakisimama sakafuni, na hata ubao wa dhahabu ungeoza pale. Kama mgongo wote umefanya ukungu huku uso ukingali unang'aa, basi ganda la boti lilikuwa likitoka jasho usiku na hewa haikuwa na pa kupita. Hapo dawa ni kuacha nafasi kati ya ganda na paneli, na matundu ya hewa juu na chini. Mteja hapendi kusikia hivyo. Anataka kuambiwa anunue mbao gani.

Kuoza kwenyewe kuna kanuni zake. Kuvu hushika ubao ukiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, na maji baridi huifaa kuliko maji ya chumvi. Pwani fundi humwogopa mnyoo wa baharini atobaye mbao. Ziwa Tanganyika mnyoo huyo hayupo, lakini mvua inayopenya darini inatosha kumaliza boti kimyakimya. Kwa hiyo nasaha za mafundi wa majahazi tuzipokee kwa heshima, kisha tuzipime.

Mninga ndio fahari ya Tabora, na kwa haki. Kiini chake hakiozi upesi, mchwa hawakipendi, na juu ya yote hautanuki wala kusinyaa sana, jambo adimu kwa mti mzuri kiasi hicho. Mkongo, ambao pwani huitwa mbambakofi, ni mgumu na mzito zaidi, nao ukifungwa kwa misumari ya chuma penye unyevu hutoka madoa meusi. Skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini hapo hakuna mjadala. Weupe wa nje wa gogo, wa mti wowote kati ya hiyo, utupwe. Anayeuchanganya na kiini ili mbao zitoshe anawalisha fukusi.

Ila boti nzima kuivika mninga ni kosa la mapenzi. Uzito ukipanda juu, boti hulala ubavu kwa urahisi. Kwa hiyo fremu na pindo ziwe za mninga, na bapa lililo katikati liwe plaiwudi nyembamba. Hapa ndipo watu wengi hutapeliwa, au hujitapeli. Ile inayoitwa marini bodi madukani kwetu, yenye uso mweusi unaoteleza, ni ya kumwagia zege. Jina lisikudanganye. Plaiwudi ya boti ina kiwango chake, cha Uingereza ni BS 1088, na tabaka zake za ndani hazina mapengo, zitazame ukingoni. Muuzaji akiapa, kata kipande ukichemshe saa kadhaa, ukikaushe, ukichemshe tena. Kikiachana, umeokoa fedha zako. MDF na chipibodi zibaki sebuleni.

Jambo linalonifanya nimwamini seremala wa Ipuli ni kiangazi. Tangu Mei hadi Oktoba hewa ya Tabora hukausha mbao hadi milango ikalegea kwenye miimo, na masika yakija milango ileile hukwama. Anayeishi na mambo hayo anajua kwamba ubao hutanuka kwa upana, si kwa urefu, na kwamba paneli iliyobana vizuri Agosti huku itavimba ikifika ziwani. Huiachia nafasi kwenye mfereji wa fremu, haigandishi kwa gundi, na huifunga kwa skrubu ili ifunguke siku ganda litakapohitaji kukaguliwa.

Mninga hauji upesi. Mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena kwa miaka kadhaa kabla ya kusimama. Tangu Februari 2023 mninga na mkongo wa Afrika imo katika orodha ya mkataba wa CITES ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mbao zisizo na alama ya nyundo ya Misitu wala hati ya kusafirishia, fundi wa heshima hazigusi.

Nawe mwenye boti, usimpe seremala vipimo kwa simu. Mpelekee paneli kuukuu yenyewe, hata iliyooza, na umwache aigeuze kabla ya kukuambia bei.