Nyika inapoitwa tupu: Mandhari katika riwaya ya Rowling

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa mandhari ya riwaya, hutaja mahali na wakati, kisha hukimbilia wahusika na maudhui. Mazoea hayo yanatupunja. Mara nyingi mandhari ndiyo hubeba hoja ambayo msimulizi hakuitamka.

Chukua Harry Potter and the Goblet of Fire, riwaya ya nne ya J.K. Rowling, iliyotoka mwaka wa 2000. Wachawi kutoka pembe zote za dunia wanakutana Uingereza kutazama fainali ya Kombe la Dunia la Quidditch, mchezo unaochezwa angani juu ya fagio. Mahali palipochaguliwa ni uwanda wa mbali, uliogubikwa na ukungu. Waingereza huuita 'moor'. Uwanja unaingiza watazamaji 100,000, nao umezingirwa na uchawi wa kuwafukuza wasio wachawi. Kila anayekaribia hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli ya dharura kwingineko.

Je, ardhi hiyo tuiiteje kwa Kiswahili? Wengi tungesema 'nyika'. Sawa, lakini neno hilo lina historia. Watu wa miji ya pwani waliliita bara lililo nyuma yao nyika, na wakazi wake wakaitwa Wanyika, jina la dharau ambalo baadaye liliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na Mijikenda. Neno lilidai upweke, ilhali watu walikuwepo.

Ndivyo ilivyo kwa nyika za Uingereza pia. Ukisoma The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle (1902), utadhani Dartmoor ni makao ya ukungu na mizuka tu. Kumbe huko kuna mabaki ya nyumba za mawe za maelfu ya miaka, na misitu ya kale ilitoweka kwa kiasi kikubwa kwa sababu watu waliifyeka na kulisha mifugo.

Turudi kwa Rowling. Tunaambiwa nyika ni tupu, halafu langoni mwa kambi tunamkuta Bwana Roberts. Yeye si mchawi. Kazi yake ni kukodisha viwanja vya kupigia hema. Anaanza kushuku wageni hawa wa ajabu, na papo hapo afisa wa Wizara anamfuta kumbukumbu. Afisa analalamika, eti mtu huyu anahitaji kufutwa mara kumi kwa siku! Usiku, wachawi waliovaa vinyago wanamrusha hewani yeye, mkewe na watoto wao wawili, wakiwachezea kama vikaragosi. Asubuhi, akili ikiwa imemvurugika, anawaaga wageni kwa kuwatakia heri ya Krismasi, na huku ni kiangazi. Bwana Weasley anasema hali hiyo itapita. Basi, safari inaendelea.

Wenye vinyago ni waovu. Hilo halina ubishi. Lakini maafisa, watu wema wa hadithi hii, walikuwa wameichezea akili ya mtu huyohuyo mchana kutwa, tena kwa tabasamu. Nyika hii haikukutwa tupu. Ilifanywa tupu kwa kumpokonya mkazi wake anachokijua.

Mtetezi wa Rowling atasema hiyo ni kejeli ya makusudi. Huenda. Ila tazama huruma ya riwaya inaelekea wapi. Usiku uleule Winky, mtumishi wa kichawi, anafukuzwa kazi na bwana wake. Hermione anaghadhabika, na baadaye anaanzisha chama cha kutetea viumbe wa jamii ya Winky. Roberts je? Hakuna anayemwanzishia chama. Katika riwaya ya mwisho (2007), Hermione huyohuyo anawabadilishia wazazi wake kumbukumbu ili kuwakinga. Anafanya hivyo kwa mapenzi, lakini hatuonyeshwi wakiulizwa ridhaa yao.

Kwa hivyo msomaji, riwaya ikikwambia mahali fulani hapana watu, usipite haraka. Hebu uliza ni nani aliyepaita patupu, na anayeishi pale amefanywa nini.