Barabara Pana, Kumbukumbu Finyu

Watu wakiisifu Kenyatta Avenue ya Nairobi, huanza na upana wake. Husemekana ilichorwa hivyo ili gari la kukokotwa na safu ndefu ya maksai liweze kugeuka. Upana sina ugomvi nao. Ninachohoji ni yale barabara hii inayoyakumbuka, na jinsi inavyoyakumbuka.

Enzi za ukoloni iliitwa Delamere Avenue, kwa heshima ya kiongozi wa walowezi. Uhuru ulipokuja, sanamu yake iling'olewa ikapelekwa Soysambu, shambani kwa jamaa zake, nayo barabara ikapewa jina la Mzee. Haya, mkubwa mmoja katoka, mwingine kaingia! Kubadilisha kibao ni kazi ya asubuhi moja.

Upande wa magharibi lipo Kipande House, jengo la 1913, ambamo Mwafrika aliandikishwa na kupewa kile kipande cha kuning'iniza shingoni mithili ya kengele ya mbuzi. Baadaye likawa benki. Jina limebaki, nami naomba lisiguswe. Halimpambi mtu.

Tatizo langu kubwa ni zile sanamu za Askari, kazi ya James Alexander Stevenson, zilizosimamishwa miaka ya 1920. Nazipenda na kuzilaumu kwa pamoja. Aliyezibuni hakuishia kwa mwenye bunduki. Mpagazi naye yumo, jambo ambalo makaburi mengi ya vita hayakulijali. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayowaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Lakini hilo jina liko wapi? Hamna hata moja. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliangamia katika vita vya 1914 hadi 1918, wengi wao kwa maradhi, wala si kwa risasi. Kaka yake babu yangu alichukuliwa na hakurudi. Nyumbani hawakuletewa hata habari ya kaburi. Jina lake tunalo sisi, tumempa mtoto. Walioahidi ndio hawakuliandika.

Hata jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilihamia Kariakor, sokoni, mbali na barabara ya wakubwa. Dedan Kimathi amesimamishwa jirani tangu 2007, naye ana jina. Kwa wapagazi tuanze na ubao mmoja tu, kijiji kwa kijiji, wazee wenyewe wayataje majina.