Sumaku ya Upande Mmoja

Mashine ya MRI humeza mgonjwa mzima, na ndani ya tundu lake wahandisi husawazisha uga wa sumaku mpaka tofauti ibaki sehemu chache kwa milioni. Kifaa kidogo cha kupima mafuta kwenye ini hakina tundu: ni vipande vya sumaku vilivyopangwa upande mmoja, juu yake koili, nacho hubandikwa ubavuni. Uga wake hutokeza nje na kudhoofika kadiri unavyozama mwilini. Kwa viwango vya MRI, uga huo ni mbovu.

Ubovu huo ndio uliogeuzwa kipimo. Protoni za haidrojeni huitikia masafa yanayolingana na nguvu ya sumaku mahali zilipo: megahezi 42.58 kwa tesla moja. Basi fundi akichagua masafa, amechagua na kina. Hupita mafuta ya chini ya ngozi, ambayo yangempotosha, akalifikia ini.

Kuinasa ishara ya protoni hizo ndiyo kazi. Katika uga kama huo huzimika mara moja. Mwaka 1950 Erwin Hahn alionyesha kuwa pigo la pili la redio huirudisha kama mwangwi. Carr na Purcell (1954), kisha Meiboom na Gill (1958), wakapata njia ya kuifuatanisha miangwi. Molekuli za maji hutangatanga upesi, na katika uga usio sawa mwendo huo huula mwangwi wao. Za mafuta husogea polepole, mwangwi wao ukadumu. Tofauti hiyo hutoa kiwango cha mafuta. Kikizidi takriban asilimia 5, ini limeanza kujaa mafuta. Picha hakuna, ni namba tu, na kuiacha picha naona kulihitaji ujasiri.

Fikra yenyewe ya sumaku ya upande mmoja ilipitia visima vya petroli: karibu mwaka 1980, Jasper Jackson wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alibuni sumaku inayotazama nje, ya kuchunguza miamba yenye petroli. Miaka ya 1990, kundi la Bernhard Blümich huko Aachen, Ujerumani, likaunda ya kushikwa mkononi, iliyokuja kupima hata matairi na michoro ya kale.

Mwaka 2021 kundi la Michael Cima wa MIT lilipima hivyo maini ya panya, mafuta na makovu pia. Ila ini la panya liko karibu sana na ngozi. Kwa mtu mnene liko sentimita kadhaa ndani, ishara ni hafifu, na sumaku za neodimiamu hupoteza kama asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka, kwa hiyo chumba kikipata joto, masafa hurekebishwa upya.