Rangi za Nchi Kavu

Ekalakala, huku Masinga, Ukambani, hutajwa sana pale mvua inapokosekana. Kwa mgeni, Masinga yote ni ukame tu, nchi ya rangi moja. Mchoraji wa mandhari anayefanyia kazi nje ndiye anayetuonyesha kwamba mgeni huyo hakutazama.

Kazi yake ni ngumu. Hapa tuko karibu na ikweta, na jua hupanda wima. Vivuli vilivyolala virefu alfajiri juu ya udongo mwekundu, saa sita vimejikunyata chini ya migunga. Kwa hiyo mchoraji mzoefu huanza na vivuli. Huviweka mara moja, pale vilipo, asiviguse tena. Akivifuata kila vinaposogea, picha moja itakuwa na majua matatu. Rangi ya maji humkaukia kabla hajamaliza anga. Rangi ya mafuta huvumilia joto, hata manyunyu huteleza juu yake, lakini hunasa vumbi la kiangazi.

Kisha huja vuli, mvua ambayo mkulima wa Ukambani huitegemea kuliko masika. Wingu likitanda, kila alichochanganya kwenye kibao hakifai tena. Mvua ikishaosha hewa, vilima vilivyofifia kwa vumbi husogea karibu, na udongo uliolowa hugeuka damu ya mzee. Hata bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, halina ukingo wa kudumu: maji hujaa na kupwa, na ufuo wa mwezi huu si wa mwezi ujao.

Lakini si kila mgeni hupita bila kutazama. Mwaka 1909 Akseli Gallen-Kallela, mchoraji mashuhuri wa Ufini, alihamia Kenya na familia yake. Kabla ya kurejea kwao alikuwa amechora takriban picha 150 za mafuta, Kilimambogo ukiwa miongoni mwa milima aliyoichora, kwa rangi kali zinazowaka.

Naisifu kazi ya mchoraji wa mandhari kwa sababu ya uamuzi wake. Katika saa mbili hupita nuru nyingi, naye huchagua moja na kuitetea hadi mwisho, ingawa mbele yake imeshatoweka. Anayeitazama nchi kwa bidii hiyo hawezi tena kuiita tupu. Watoto wa Ekalakala wanastahili kupewa brashi na kutolewa nje ya darasa, ili wa kwanza kuisimulia nchi hii wawe wao.